Nguvu niliyotunga ya vampaya imeua kampeni yetu usiku mmoja, kosa la nani?

#1 mwisho_wa_reli
Wakuu habari. Naandika nikiwa na hasira kidogo mtanisamehe.

Sisi tuko Kigoma mjini, Mwanga, kikundi cha watu watano, tunacheza ile gemu ya mezani ya vampaya, Vampire: The Masquerade, toleo la 2018. Kwa asiyeijua, mmoja anakuwa msimulizi (mimi), wengine kila mtu ana mhusika wake na karatasi yake, mnakaa mnasimulia kwa mdomo, jambo likiwa na utata kete ndio zinaamua. Hakuna skrini wala nini.

Sasa mimi sikutaka vampaya wa makoti marefu na majumba ya mawe, kwa joto la huku koti la nini. Nikaileta nyumbani. Mzee wa vampaya wa kampeni yetu (yaani hadithi moja ndefu tunayoiendeleza kila tukikutana) alikuja ndani ya masanduku ya meli ya Mjerumani, Graf von Götzen, ile iliyotengenezwa Papenburg ikaletwa vipande vipande kwa meli na treni ikaundwa hapahapa Kigoma, ndiyo Liemba ya leo. Meli ilipozamishwa 1916 akalala nayo majini, ikainuliwa 1924 na yeye ndani. Tumemtafuta miezi minne. Ana watumishi binadamu 30 wanaomlinda.

Mchezaji wangu mmoja (dereva boda, simtaji) akaniomba nguvu yenye asili ya ziwa. Nikamtungia hii:

MWITO WA KARABAI, levo ya pili kati ya tano. Unawasha taa yoyote gizani, karabai, chemli, hata tochi ya simu. Binadamu wote wanaoiona wanaifuata kama dagaa. Kabla ya yote unavuta karata moja ya njaa, ikija 1 mpaka 5 njaa yako ya damu inapanda. Halafu unavuta za nguvu yenyewe, kila ushindi (6 kwenda juu) unaita watu kumi. Wanabaki hapo mpaka taa izimike. Usiku wa mbalamwezi haifanyi kazi.

Nasema karata maana kete za pande kumi huku hatujazipata, tunatumia karata za kawaida, tumetoa K, Q, J na majokari, zinabaki 40, moja mpaka kumi.

Juzi Jumamosi jamaa kakaa kimya usiku mzima, hajavuta karata hata moja ya maana, tumefika bandarini yeye kawasha taa, kavuta karata saba, ushindi TANO. Watu hamsini. Watumishi wote 30 wa mzee wakatoka melini wenyewe wakaenda kukaa mchangani kama wako kwenye mkutano wa kijiji. Mzee kabaki peke yake, jua likachomoza, kwisha. Miezi minne, dakika kumi.

Swali: nguvu ndio mbovu au mimi ndio mbovu?

#2 nimepita_tu
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

#3 mnyamwezi_wa_asali
Hongereni Kigoma, mmekosa kete mkapata vampaya. Sisi Tabora tuna asali ya kumwaga na hatuna hata vampaya mmoja wa kuionja.

Ila mkuu, hivi vampaya si anaogopa moto? Sasa huyu wako anapampu karabai kwa mkono gani?

#4 kete_kumi
Msimulizi, pole, lakini umejikaanga mwenyewe. Kwenye kitabu cha gemu ipo tayari nguvu ya kumwita mtu kutoka mbali, iko kundi la mvuto, LEVO YA NNE, na inaita mtu mmoja tu, tena uwe una historia naye. Wewe umeweka levo ya pili inaita kijiji. Hiyo sio nguvu, ni kipaza sauti cha mnada.

Nguvu ya nyumbani kabla hujaipeleka mezani itafutie ndugu yake kwenye kitabu uone anakaa levo gani. Yako ishushe iite watu wawili au watatu, au ipandishe levo ya tano. Hakuna kingine cha kujadili.

@mnyamwezi_wa_asali kuhusu moto uko sahihi, vampaya wa gemu hii akiona moto anaweza kupagawa akakimbia, ila moto mdogo alioushika mwenyewe ni rahisi kuuvumilia kuliko nyumba inayoungua. Mwenye njaa kali ndio tabu.

#5 mwisho_wa_reli
@kete_kumi "hakuna kingine cha kujadili" na uzi una posti nne?

Hilo la moto sikuliwaza kabisa, nimeshika kichwa. Ila siku ile alitumia tochi ya simu.

#6 nimepita_tu
Kumbe tochi ya simu. Vampaya wa miaka mia na ushee kauawa na kitochi.

Halafu hiyo meli si ilizama mita elfu moja na mia nne, iliinuliwaje 1924, na crane gani enzi hizo?

#7 bin_ujiji
@nimepita_tu ziwa lenyewe sehemu yenye kina kirefu ndio inafika mita 1,470, meli haikuzama huko. Waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, maji ya mita 20 hivi. Na walioizamisha ni Wajerumani wenyewe, Julai 1916, wasiwaachie maadui. Mafundi waliipaka mashine grisi nzito kabla ya kuizamisha, ndiyo maana ilipotolewa majini zilikuwa bado zinafaa. Ilianza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba.

Sasa msimulizi, hapo kwenye grisi ndipo ungemlaza mzee wako. Vampaya aliyepakwa grisi miaka minane. Umeacha utamu wote.

Lakini ugomvi wangu ni mwingine. Kwa nini mnaita vampaya? Sisi tuna mumiani. Bibi yangu hapa Ujiji magharibi ikiingia alikuwa anatukusanya, "ingieni ndani mumiani anapita", na mumiani wa bibi hakuwa na meno marefu, hakuwa maiti, alikuwa mtu mzima na gari lake na ndoo yake. Yeye haiti watu kwa taa. Anatuma mawakala wamkamatie. Nguvu yako haifanyi kazi vizuri kwa sababu umempa mumiani kazi ya mvuvi.

#8 kete_kumi
@bin_ujiji haifanyi kazi vizuri? Mkuu tatizo imefanya kazi vizuri KUPITA KIASI.

#9 mvuvi_katonga
Mimi hizo gemu sichezi, kijana wangu kanionyesha neno karabai nikasema ngoja nisome.

Ndugu msimulizi karabai unaijua au umeisikia? Siku hizi majini ni taa za betri na sola, karabai wamebaki nazo wachache, ile soksi yake ikishawaka mara moja ukiigusa tu inakuwa majivu, na mtumbwi unavyoyumba unaweza kumaliza soksi tatu usiku mmoja. Sawa tuache hilo.

Umesema kama dagaa. Dagaa haji hivyo. Ukiwasha taa haji papo hapo, unakaa, unavuta sigara, mnapiga stori, saa nzima, wakati mwingine mbili. Kwanza vinakuja vidudu vidogo kwenye mwanga, halafu unaona maji yanaanza kutetemeka kwa chini kama mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu, hapo ndio ujue amefika. Ukivuta wavu mapema unapata maji. Huyo dereva wako kawasha na kuvuna hapohapo, hiyo sio karabai hiyo ni baruti.

Na kitu cha pili ambacho naona wote hamjui. Dagaa akikusanyika haji peke yake. Mgebuka yuko nyuma yake. Mgebuka hafuati taa yako, anafuata chakula chake. Kwa hiyo ukiita dagaa umeita na wanaokula dagaa, utake usitake.

#10 kete_kumi
Naomba nikae chini. Hiyo aya ya mwisho ya @mvuvi_katonga ni nguvu bora kuliko zote nilizosoma mwaka huu. Ukiita watu kumi, na vampaya mwingine yeyote aliye karibu anasikia njaa anakuja. Ukiita hamsini wanakuja watano. Bei imo ndani ya nguvu yenyewe.

#11 mwisho_wa_reli
Naandika kwenye daftari. Mzee @mvuvi_katonga asante sana, ungekuwa jirani ningekuletea karatasi ya mhusika.

#12 mvuvi_katonga
Mimi niletee soksi za karabai.

#13 popo_mtaani
Mimi nashauri uachane na dagaa utumie popo. Kule Gombe kuna mapango, popo wanyonya damu wamejaa, babu yangu aliwahi kung'atwa kidole cha mguu amelala.

#14 mtu_wa_maabara
@popo_mtaani babu aling'atwa na panya. Popo wa kunywa damu wako aina tatu tu duniani na wote wanaishi bara la Amerika, kuanzia Mexico kushuka Amerika ya Kusini. Afrika hayupo hata mmoja. Wa kwetu wanakula matunda na wadudu. Na hata hao wenyewe hawanyonyi, wanakata ngozi kidogo kisha wanalamba kama paka na maziwa, mate yao yanazuia damu isigande.

Ila wana kitu kizuri kwa gemu yenu. Popo yule asipokula siku mbili tatu anakufa, kwa hiyo akikosa usiku mmoja, mwenzake aliyeshiba anamtapikia kidogo mdomoni. Na wanakumbukana, aliyekupa jana na wewe unampa kesho. Kwa vampaya hiyo ni nguvu tosha, kumlisha mwenzako damu uliyoshiba na akawa na deni.

#15 popo_mtaani
Babu alisema popo.

#16 mnyamwezi_wa_asali
Mnahangaika na popo wa Mexico wakati mbung'o tunao, jike kwa dume wote wanakunywa damu, mchana kweupe. Huku porini ukivaa bluu au nyeusi umejitangaza mwenyewe, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mbung'o haiti mtu wala hawashi taa, yeye akiona kitu kikubwa kinatembea anakifuata, hata gari. Nguvu ya vampaya wa Tabora: anafukuza basi.

#17 shangazi_kibirizi
Hamjambo wanangu. Mimi ni mmoja wa hao watano, nauza dagaa Kibirizi, na nilikuwa mezani siku hiyo. Naomba nirekebishe maana mdogo wangu msimulizi kaeleza ya upande wake.

Kwanza haikuwa dakika kumi. Ilikuwa karibu saa mbili, kumi ni zile za mwisho.

Pili kasahau kuwaambia kwamba mhusika wangu mimi bado ni binadamu. Ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo, ni mama muuza mawese anayewaficha hawa vampaya kwenye stoo yake, ndoo za mawese zimepangwa mpaka juu na wao wamelala nyuma. Sasa ile taa ilipowashwa nani alikuwa binadamu wa kwanza kuiona? Mimi. Msimulizi akaniambia "shangazi unaifuata taa". Nikamwambia sitaki. Akasema sheria ndiyo hiyo. Basi mama wa watu katua ndoo yake, kaenda kukaa mchangani na maadui zake, na mimi nikakaa pale kwenye kiti natazama wenzangu wanacheza. Nilimenya karanga sahani nzima. Nilikuwa na mpango wangu wa kuingia melini na mawese, nimeuwaza wiki nzima nikiwa naanika dagaa, haukusikilizwa.

Mnaongelea levo na kete. Mimi naona tatizo ni kumnyang'anya mtu mzima mhusika wake mkononi.

#18 nimepita_tu
Msimulizi uko wapi, shangazi kamenya karanga.

#19 mwisho_wa_reli
Shangazi shikamoo. Kweli nilikosea. Sikujua ilikuuma hivyo, nilidhani umechoka tu.

#20 shangazi_kibirizi
Marahaba. Haikuniuma sana. Karanga zilikuwa zako.

#21 kete_kumi
Shangazi amegonga penyewe. Nguvu yoyote inayomgusa mhusika wa mchezaji mwenzio lazima mwenzio apewe njia: avute karata zake za ujasiri kupinga, au akubali ila aseme mwenyewe anaifuataje. Hata kitabuni nguvu za kutawala akili mara nyingi mtu anapata nafasi ya kupinga. Lakini bado nasema levo, levo, levo. Ungempa shangazi nafasi ya kupinga bado wale 30 wangetoka.

#22 bin_ujiji
Wangetoka kwa sababu wewe msimulizi ulitaka watoke. Watumishi wamemlinda mzee miongo yote hiyo, wamekunywa damu yake, leo wanatolewa na tochi ya simu? Taa yao ni yeye. Ungesema tu hawaendi. Msimulizi ukiwa na woga wa mchezaji hata nguvu ya kufungua soda itakuvunjia kampeni.

#23 hesabu_na_chaki
Nasoma tangu posti ya kwanza, kuna jambo moja hakuna aliyeuliza. @mwisho_wa_reli mkishavuta karata mnairudisha kwenye kifungu na kuchanga upya, au mnaiweka pembeni?

#24 mwisho_wa_reli
Pembeni ticha. Zikiisha zote ndio tunachanga. Kuchanga kila mara kunachosha.

#25 hesabu_na_chaki
Nilijua. Una kumbukumbu zilizotoka kabla yake ni zipi?

#26 mwisho_wa_reli
Ninazo, naandikaga kila kitu kwenye daftari. Kabla ya zile saba zake zilikuwa zimeshatoka 26. Ushindi 10, kushindwa 16, kale ka njaa kake kakiwemo humo. Ulikuwa usiku mbaya kwa wenzake wote.

#27 hesabu_na_chaki
Basi twende taratibu, nitaandika kama darasani.

Kete haina kumbukumbu. Ukirusha kete ya pande kumi mara mia, ya mia na moja bado ni nusu kwa nusu (6 mpaka 10 ushindi, 1 mpaka 5 kushindwa). Ukirusha saba, njia zote ziko 128, zenye ushindi tano au zaidi ziko 21 jumlisha 7 jumlisha 1, yaani 29. Asilimia 23 hivi. Ni bahati lakini sio muujiza.

Karata ina kumbukumbu. Kifungu chenu kina ushindi 20 na kushindwa 20. Zimetoka ushindi 10 na kushindwa 16, zimebaki karata 14: kumi ni za ushindi, NNE tu za kushindwa. Mtu akivuta saba hapo, njia zote ni 3,432, zenye ushindi tano au zaidi ni 2,472. Asilimia 72.

Kwa hiyo jamaa hakubahatisha. Wenzake walikula karata mbaya usiku kucha, yeye kasubiri kapiga zilizobaki. Na umesema mwenyewe alikaa kimya hajavuta kitu cha maana. Nguvu yako inaweza kuwa nzima kabisa, kilichovunjika ni kifungu.

#28 nimepita_tu
HAHAHAAA. Boda kahesabu karata.

#29 mnyamwezi_wa_asali
Miezi minne wanatafuta vampaya, kumbe mnyonyaji wamekaa naye meza moja.

#30 kete_kumi
Ticha hesabu safi lakini hujaweka makumi. Toleo hili ukipata karata mbili za kumi zinakuwa pacha, zinahesabika ushindi wanne badala ya wawili. Kwa hiyo asilimia zote mbili ziko chini ya ukweli. Halafu ile sheria ya namba 1 kufuta ushindi mmoja ni ya matoleo ya zamani, ya miaka ya 90, msiichanganye humu.

#31 hesabu_na_chaki
Sikuweka kwa sababu sijui kumi ngapi zilikuwa zimetoka. Msimulizi aseme.

#32 mwisho_wa_reli
Hizo sikuandika. Niliandika ushindi na kushindwa tu.

#33 mtu_wa_maabara
Mkiendelea na karata mimi niseme la damu maana naona mmesahau kwamba hawa ni wanywa damu. Watu hamsini wamekaa mchangani hawajitambui. Mtu mzima ana lita tano za damu hivi. Anayechangia damu tunamtoa mililita 450 na anarudi kazini. Hamsini mara 450 ni lita 22 na nusu BILA KUUA MTU HATA MMOJA. Hicho ni chakula cha kikundi kizima mwezi mzima kwa tochi moja. Kwa hiyo hata bila mzee wa melini nguvu hii inamaliza njaa, na njaa ndiyo gemu yenyewe kama nimewaelewa. Wekeni kwamba aliyeitwa kwa taa damu yake haishibishi. Kama dagaa wa kuloa, kilo nyingi shibe hakuna.

Na nyongeza kwa @bin_ujiji. Neno mumiani mlichezee kwa akili. Miaka ya nyuma tulikwenda kijiji kimoja kupima malaria, tone moja tu la kidole kwenye kioo. Siku ya kwanza walikuja watoto 60, siku ya pili wakaja wanne. Kumbe usiku kuna mtu kapita anasema tunapeleka damu mjini kwa ndoo. Tulifungasha vifaa tukaondoka kabla ya saa sita maana wanaume walianza kukusanyika njia panda na hawakuwa wanasalimia. Kwa bibi yako ilikuwa ya kututisha watoto, kwa wengine watu wasio na hatia wameumia.

#34 bin_ujiji
@mtu_wa_maabara umesema kweli, na jambo lenyewe ni la kale. Mumiani kwanza ni dawa, kitu cheusi kama lami kilikuwa kinaletwa kutoka Uajemi, cha kupaka mifupa iliyovunjika au kuyeyusha kwenye samli na kunywa. Watu wakaamini ni damu ya mtu iliyoganda. Baadaye jina likahamia kwa anayeitoa hiyo damu. Wakati wa mkoloni Nairobi na kwingine wakawasingizia wazimamoto. Ng'ambo ya ziwa huko Kongo wakawaita batumbula, kusini kwa ziwa upande wa Zambia ya leo banyama. Kila mahali ni mtu mwenye sare, mwenye gari, mwenye kazi ambayo wanakijiji hawaielewi.

Ndiyo maana nasema mumiani hana taa ya kuita. Watu wanamkimbia akiwa bado hajafika.

#35 mvuvi_katonga
Jumamosi hiyo mnayosema ni ipi? Hii iliyopita?

#36 mwisho_wa_reli
Ndiyo mzee, hii iliyopita.

#37 mvuvi_katonga
Jumamosi iliyopita hatukuingia majini. Ilikuwa mbalamwezi, tulikuwa nchi kavu tunashona nyavu, mwezi unawaka mpaka unaona sindano. Na wewe umeandika mwenyewe juu kabisa, usiku wa mbalamwezi haifanyi kazi.

#38 nimepita_tu
MUNGU WANGU.

#39 kete_kumi
Subiri kwanza. Mwezi wa nje au mwezi wa ndani ya hadithi? Msimulizi kampeni yenu inafuata kalenda gani?

#40 mwisho_wa_reli
Inafuata siku za kweli. Tulikubaliana tangu mwanzo, tukicheza Jumamosi na hadithini ni Jumamosi hiyohiyo. Kwa nini sikukumbuka mwezi jamani.

#41 boda_katubuka
Nimetumiwa linki na abiria. Abiria! Nimemshusha stendi ananiambia "kaka wewe ndio yule wa karata?"

Najibu moja moja. Ticha, mimi kijiweni karata nacheza tangu nasoma, karata zilizotoka nazikumbuka bila kutaka, kama wewe unavyokumbuka majina ya wanafunzi watoro. Huo sio wizi. Sijaficha karata wala sijaangalia chini ya kifungu, nimekaa nimesubiri zamu. Wenzangu walikuwa wanavuta karata kwa kila upuuzi, mmoja alivuta tano kufungua mlango ambao ulikuwa wazi.

Shangazi samahani sana, sikujua wewe utavutwa, nilidhani ni wa melini tu. Dagaa za kesho nakubebea bure mpaka Mwanga sokoni.

Mzee wa mbalamwezi, msimulizi alitamka kwa mdomo wake "ni giza totoro, huoni hata mkono wako". Kila mtu alisikia. Mimi nikawasha taa kwa sababu aliyesema giza ni yeye.

#42 mwisho_wa_reli
Nilisema giza kwa sababu UMEME ULIKATIKA. Nilikuwa naongelea sebule yangu! Nilikuwa natafuta kiberiti!

#43 boda_katubuka
Ulisema kwa sauti ya kusimulia.

#44 shangazi_kibirizi
Kwa hilo naomba niseme ukweli, alisema kwa sauti ya kusimulia. Hata mimi nilijua ni bandarini.

#45 mnyamwezi_wa_asali
Uzi wa mwaka. Kwa hiyo tochi ya simu aliyowasha ilikuwa ya hadithi au ya kutafutia kiberiti?

#46 boda_katubuka
Zote mbili. Niliwasha yangu kweli ili msimulizi apate kuona, nikasema "na mhusika wangu pia".

#47 hesabu_na_chaki
Gizani, umeme umekatika, tochi moja, na karata saba zinavutwa. Nani alikuwa anaziona hizo karata?

#48 bin_ujiji
Ticha acha uchokozi.

#49 kete_kumi
Mimi nimebaki na levo yangu. Mwezi uwepo usiwepo, nguvu ya kuita hamsini kwa karata moja ya njaa haiwezi kukaa levo ya pili. Msimulizi chukua migebuka ya mzee, chukua nafasi ya kupinga ya shangazi, panda levo ya nne, tukutane tena hapa. Na kete nitakutumia kwa basi, ninazo seti mbili.

#50 popo_mtaani
Na mzee wa melini je, kafa au hajafa? Maana kama ilikuwa mbalamwezi watumishi hawakutoka.

#51 mwisho_wa_reli
Hilo ndilo limeninyima usingizi. Boda anasema kafa, majivu tumeshayamwaga ziwani hadithini. Shangazi anasema hajafa maana anataka kutumia mpango wake wa mawese. Wengine wawili wanasema wataamua nikipika pilau. @kete_kumi asante mkuu, za basi nitazipokea.

Ila wakuu, ticha kanitia wasiwasi, nimetoka kukihesabu kile kifungu sasa hivi, kimekaa kwenye kabati tangu siku ile. Nimehesabu mara tatu. Ziko 39. Tatu ya shupaza haipo.

#52 hesabu_na_chaki
Kabla au baada?

#53 boda_katubuka
Msinitazame mimi. Angalieni kwenye sahani ya karanga.

#54 shangazi_kibirizi
Sahani niliiosha mwenyewe.